Jua Kwenye Shavu la Kushoto

Urafiki wangu na Bi Mkubwa ulianzia kwenye mbuzi. Simaanishi mbuzi wa nyama. Namaanisha mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukalia, yenye ulimi wa chuma uliotokeza mbele. Nilikuwa nimeishi Minnesota miaka kumi na moja bila kuiona, na nilishakubali kwamba tui ni kitu kinachotoka kwenye kopo. Kisha Jumamosi moja mwenzangu wa kazini, mpiga eksirei katika hospitali ya Coon Rapids ninakofanya unesi, akanialika kwao Roseville kula chakula cha mchana. Ni mtu wa Sri Lanka. Nikaingia jikoni kusalimia, nikamkuta mama yake amekaa kwenye mbuzi, gauni amelikusanya magotini, anakuna nazi kama mtu wa Ngamiani, Tanga.

Nilisahau adabu zote. Badala ya kusalimia nilimwomba anipishe. Akacheka, akanipisha, nami nikakuna nazi mbili nzima huku yeye amesimama pembeni ananisikiliza. Nasema ananisikiliza kwa sababu presha ya macho ilikuwa imeshamaliza jicho lake la kushoto, na la kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nilipomaliza akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba mlio wangu ni mzuri, sikwangui kifuu. Kwetu Tanga hiyo ni sifa ya kuolewa nayo.

Nikaanza kumwita Bi Mkubwa siku hiyohiyo. Aliniuliza maana yake, nikamweleza kuwa ndivyo tunavyomwita mama ambaye mtu kama mimi hawezi kumtaja jina. Alifikiri kidogo, akakubali. Kwao alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na kustaafu akiwa mwalimu mkuu, kwa hiyo cheo hakikumtisha.

Majira ya baridi yakatuleta karibu zaidi. Wazee wa Roseville wana desturi ambayo ningeisimulia Tanga ningeambiwa naongopa: asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, wanaingia kwenye lile jengo kubwa la maduka wakiwa na raba miguuni na kuzunguka kwenye korido zake, hawanunui kitu, wanatembea tu. Nje theluji imefika magotini, ndani kuna joto na muziki laini. Mimi nina mapumziko Jumanne, kwa hiyo kila Jumanne nilimpitia Bi Mkubwa, akanishika kiwiko, tukazunguka. Alikuwa anahesabu mizunguko kwa sauti. Mwalimu haachi.

Katika mizunguko hiyo ndipo aliponieleza habari za mumewe. Walikuwa wamekubaliana kwamba yeye aende Amerika kumsaidia binti yao, yule mwenzangu wa kazini, aliyejifungua, na mume abaki alinde nyumba na mashamba ya mpunga. Ingekuwa miezi sita tu. Akirudi, wangekwenda pamoja Anuradhapura, mji wao wa kale, wakazunguke mara tatu stupa kubwa nyeupe kama walivyoizunguka mwaka waliooana. Stupa ni kuba kubwa mno la matofali ambalo halina chumba ndani. Wabudha hawaingii, wanalizunguka kwa miguu wakiomba. Hilo la kwao limekuwapo miaka zaidi ya elfu mbili. Lakini kabla miezi sita haijaisha mume akaanguka bafuni, akafa. Siku nne nyuma Bi Mkubwa alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, na daktari alimkataza kabisa kupanda ndege. Aliyatazama mazishi ya mumewe kwenye simu ya binti yake, jicho moja likiwa na bandeji, na mtandao ukikatikakatika.

Nami nilikuwa na la kwangu la namna hiyo. Baba yangu alifariki nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, ninaishi ghorofa ya kumi na saba kule Cedar-Riverside. Sisi Waislamu hatumlazi maiti. Baba alifariki alfajiri, akasaliwa adhuhuri, na waliponipigia simu Minneapolis ilikuwa ndiyo kwanza inaamka, Tanga wameshatoka makaburini. Nilipopata nafasi ya kwenda miaka mitatu baadaye, kila mtu alikuwa ameshalia akamaliza. Nikaona aibu kuanza msiba upya peke yangu, nikawapa zawadi zao, nikacheka nao. Haya sikumwambia Bi Mkubwa. Mtu akikuletea lake, si uungwana kumtolea lako juu yake.

Alichotaka sasa kilikuwa kimoja. Kwao mtu akitenda jema anaweza kumgawia thawabu aliyetangulia. Bi Mkubwa alitaka azunguke ile stupa mara tatu na mizunguko yote mitatu amkabidhi mumewe. Tena alitaka afanye hivyo akiwa bado anaona weupe wake, na daktari wa macho alikuwa amesema jicho la kulia halina mwaka. Binti yake hakuweza kumpeleka. Karatasi zake za uhamiaji zilikuwa mezani kwa wakubwa, na wakili alimwambia akitoka nje ya nchi tu, zimeharibika. Kumpeleka mama peke yake, haoni, magoti mabovu, ndege tatu? Binti aliniambia haya kwenye chumba cha chai pale kazini, machozi yakimlengalenga.

Mimi nina ugonjwa wa mdomo kutangulia akili. Nilikuwa na safari ya Tanga mwezi wa tisa, mdogo wangu anaolewa. Nikasikia sauti yangu inasema, "Si nitampeleka mimi? Sri Lanka njiani tu."

Mume wangu nilipomweleza aliweka kijiko chini. Akasema Sri Lanka iko njiani kwenda Tanga kama Duluth ya kaskazini ilivyo njiani kwenda Iowa ya kusini. "Na wewe mama watoto ume-request off wiki tatu kwa ajili ya harusi," akasema, "au kwa ajili ya kuizunguka Asia?" Lakini alikuwa ameshakula kari za Bi Mkubwa zaidi ya mara moja, na moyo wake najua unapokaa. Wiki haikuisha akawa ameshapanga nani atawapeleka watoto shule.

Mama yangu ndiye alikuwa mtihani. Nilimpigia Tanga nikamweleza polepole, nikianza na upofu, nikafuatisha ujane, Ubudha nikauweka mwisho. Akauliza kama huko nitakwenda kuabudu masanamu. Nikamwambia nakwenda kusukuma kiti cha mgonjwa. Akasema basi nisukume, ila niangalie miguu yangu na nia yangu. Nia niliiangalia. Miguu ndiyo iliyoniponza.

Tulifika Anuradhapura jioni, tukalala, asubuhi tukaondoka hotelini na giza la mwisho ili tuwahi kabla jua halijapata moto. Bi Mkubwa alivaa nyeupe tupu kama wanavyovaa mahujaji wa huko, na mimi pia nikavaa gauni jeupe na mtandio mweupe, ukinitazama utadhani nakwenda Makka. Dereva akatushushia kiti cha magurudumu tulichokichukua kwa ajili ya magoti yake, akabaki na gari nje. Getini watu wanaacha viatu, na hapo nikajiona mwenyeji. Mtoto wa Tanga unamfundisha nini kuhusu kuacha viatu? Vyangu na vyake nilivitia mfukoni mwa begi, kwa sababu nimeshawahi kutoka msikitini nikarudi nyumbani peku.

Mlinzi aliyafuta magurudumu ya kiti kwa kitambaa chenye maji, taratibu, gurudumu moja moja. Kisha akautazama mtandio wangu, maana pale watu hawaingii na vitu vichwani. Bi Mkubwa akamwambia maneno mengi kwa lugha yao, kwa sauti ambayo bila shaka ilishawahi kunyamazisha darasa la watoto hamsini. Mlinzi akaunganisha viganja kifuani akatupisha. Nilipomuuliza Bi Mkubwa alimweleza nini, akasema alimweleza tu kwamba mimi ni nesi wake. Mpaka leo sijaamini kama maneno yote yale yalikuwa na maana hiyo moja.

Tuliingilia upande wa mashariki. Jua lilikuwa linachomoza nyuma yetu, na mbele yetu ile stupa. Nimeona majengo marefu Minneapolis, lakini yale unayatazama madirisha yake. Hii haina dirisha. Ni weupe mtupu, mkubwa, umetulia, na chini yake ukuta wenye tembo wa kuchongwa wamepangana bega kwa bega. Nikamuuliza Bi Mkubwa kama anaiona. Alikaza lile jicho lake la kulia, akageuza kichwa huku na huku, halafu akasema, "Naona mwanga umesimama." Alikuwa na maua ya yungiyungi mapajani. Akayaweka kwenye meza ya mawe, akaomba kidogo, akaniambia twende. Mara tatu.

Nikasukuma. Sikuuliza upande, wala haikunipitia kwamba kuna cha kuuliza. Mwaka uliotangulia mimi na mume wangu tulikuwa tumekwenda umra, na miguu iliyokwishazunguka Al-Kaaba inajua jambo moja tu: unachokizunguka kinakaa mkono wako wa kushoto. Basi nikaiweka stupa mkono wa kushoto, nikashika njia.

Watu walikuwa wachache, na wote tulikutana nao uso kwa uso. Nikasema moyoni hawa wameshamaliza zao, wanarudi. Wakawa wanatupisha. Nikasema, ama kweli nchi hii ina watu wastaarabu. Mzee mmoja mwenye mwavuli akanyoosha mkono wake wote, akauzungusha polepole kuelekea nyuma yangu, akitabasamu. Nikaweka mkono kifuani nikamwinamia, nikamwitikia salamu yake. Mbele kidogo mama mmoja naye akafanya vilevile. Nikamwitikia na yeye. Mpaka tunamaliza mzunguko wa kwanza nilikuwa nimesalimiana na nusu ya waliokuwapo, na nilijisikia vizuri sana.

Kwenye mzunguko wa pili watu waliacha kuninyooshea mikono. Asubuhi ilikuwa na ubaridi wake, mawe laini chini ya nyayo, magurudumu yanalia kidogo. Kuna kitu kinampata mtu akitembea kwa mzunguko, akiwa hana pa kufika. Nikaanza kumfikiria baba. Nilimkumbuka alivyokuwa akinipeleka chuo cha Kurani asubuhi, ananishika kidole kimoja tu, hapendi kushikana mkono mzima. Dua ya kumrehemu mzazi, ile tunayofundishwa tukiwa wadogo, ikanijia yenyewe mdomoni. Nikaisoma chinichini. Nikaisoma tena. Katikati ya mzunguko wa tatu nikagundua kwamba nalia, tena kilio cha kweli, kile cha makamasi, ambacho sikukilia kule ghorofani wala Tanga. Nikajifuta kwa ncha ya mtandio, nikasukuma mpaka pale tulipoanzia, nikasimamisha kiti.

"Zimetimia, Bi Mkubwa," nikasema. "Tatu."

"Zako zimetimia," akasema. "Sasa geuza kiti, tuanze zangu."

Nilidhani jua limemwingia. Nikamwambia tumezunguka mara tatu, nimehesabu mwenyewe. Bi Mkubwa akanyanyua mkono akajigusa shavu la kulia, kwa upole, kama vile mwanafunzi amekosea hesabu nyepesi. Akaniambia tangu utotoni anakuja hapa na mama yake asubuhi. Ukianzia geti la mashariki na stupa ikawa mkono wako wa kulia, kama inavyotakiwa, jua linaanza kwenye shavu la kushoto. Halafu linahamia kisogoni. Halafu unaingia kwenye kivuli cha stupa yenyewe, na ukitoka linakupiga usoni. Leo lilianza shavu la kulia. Alijua kabla sijafika kwenye tembo wa kumi.

Nimemzungusha kinyume mama mtu aliyevuka dunia kwa ajili ya mizunguko mitatu, mwalimu wa jiografia, tena nimewapungia mikono watu wote waliokuwa wananionya. Hapohapo likanijia la pili, kwamba mimi mwenyewe nimezunguka kitu kisicho Al-Kaaba kwa namna ileile ya Al-Kaaba, na dua juu yake. Nikaleta istighfari mara tatu kwa haraka. Mazoea yana tabu, wahenga hawakukosea.

"Kwa nini hukunisimamisha?" nikamuuliza.

"Nilitaka. Halafu nikasikia unaomba, halafu nikasikia unalia. Mtu aliye katikati ya maombi simsimamishi." Akageuza uso upande wangu. "Ulikuwa unamwombea nani?"

"Baba."

"Ulimzika?"

"Sikuwahi."

Alipapasa nyuma ya bega lake mpaka akaupata mkono wangu kwenye kishikio cha kiti, akaukalisha wake juu. Kisha akasema tena nigeuze kiti, kwa sababu mawe hayatungoji.

Hilo la mawe sikulielewa mpaka tulipoanza. Jua lilikuwa limeshapanda, na sakafu yote pale ni ya mawe. Msikitini kuna mikeka na mazulia. Hapa una nyayo zako na Mungu wako. Mzunguko wa kwanza kwa upande wa haki niliumaliza vizuri. Wa pili nilianza kutembea kwa visigino, halafu kwa vidole, halafu kwa namna ambayo haina jina. Mzee wa mwavuli tulimpata tukiwa safari hii tunakwenda upande mmoja. Akanitazama, akatazama magurudumu, akafurahi kwa dhati kama mtu aliyeona mtoto wa jirani amefaulu mtihani. Nikampungia. Nilistahili kuchekwa, na alikuwa na haki.

Tulipomaliza wa pili, Bi Mkubwa akaniambia nifunge breki za kiti. Wa tatu alitaka autembee. Nikamkumbusha magoti yake. Nikamkumbusha na mawe, maana nesi ndani yangu alikuwa anapiga kelele. Akasema kwa mumewe hakuahidi kusukumwa, aliahidi kutembea. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamnyanyua, akanishika kiwiko kama Jumanne zetu zote, tukaanza.

Alikuwa anatembea hatua fupi, anapumzika, hatua fupi. Jua shavu la kushoto. Nikamwona anainua kidevu alipolipata, akilikagua. Mimi nyayo zinaungua, nataka kukimbia, na siwezi kwenda hata hatua moja mbele yake. Tukakata kona, jua kisogoni. Hapo goti la kulia likamkatika kidogo, nikamdaka. Nikamwambia kiti kiko karibu, nikilete, hakuna atakayemhukumu. Akatikisa kichwa. Nilihofia kwa dhati kwamba hatafika, na kwamba ile mizunguko mitatu niliyoipoteza ndiyo iliyomaliza nguvu zake. Kama angekaa chini pale, ingekuwa juu yangu, si juu ya magoti.

Ndipo tukaingia kivulini. Upande wa magharibi stupa ilikuwa bado imeyafunika mawe, na yalikuwa baridi. Nilitoa sauti isiyo ya heshima. Bi Mkubwa akasimama. Akafumba macho yake yote mawili, lililokufa na linalokufa, akasimama tu.

Akanieleza kwamba mumewe alikuwa mtu wa mwendo wa haraka. Mwaka waliooana alimwacha nyuma katika kila mzunguko, bibi harusi mzima, na kila mzunguko alimkuta anamsubiri hapa kivulini, anajipepea na jani la yungiyungi, anajifanya hajachoka.

"Safari hii amesubiri sana," akasema.

Akazungumza naye kwa lugha yao. Sikuelewa neno, wala sikutaka kuelewa. Nilisogea mpaka mwisho wa urefu wa mkono wangu ili aniachie kiwiko lakini asiwe peke yake. Alipomaliza akashusha pumzi, akashika kiwiko barabara, tukatoka kivulini, na jua likatupiga usoni wote wawili. Tulifika mashariki. Aligusa kiti kuhakikisha ndicho, akakaa, akacheka kidogo, akaniuliza miguu yangu inaendeleaje.

Miguu yangu ilikuwa na malengelenge matano. Nilishinda siku ile nimeiloweka kwenye beseni hotelini, mgonjwa ananipaka dawa nesi. Nilipiga simu nyumbani, mume wangu akacheka mpaka akakohoa. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kujibu anajibu anavyotaka, akauliza, "Mom, you got lost in a circle?" Nikamwambia ndiyo, nimepotea kwenye duara, na anyamaze afanye homework.

Nilimwacha Bi Mkubwa kwa dada yake, nikaenda Tanga harusini. Mama nilimweleza yote, hata lile la kuzunguka upande wetu, nikangoja kugombezwa. Alikuwa anachambua mchele. Akauliza kama nilikusudia ibada. Nikasema nilikusudia kusukuma kiti. Akasema basi kutembea ni kutembea, na dua ya mzazi huombwa popote, hata bafuni usipoitamka. Kisha, bila kuinua macho kwenye ungo, akasema, "Nilikuwa najiuliza utamlilia lini." Siku ya tatu tulikwenda makaburini sisi wawili tu. Nilikaa nilivyotaka. Hakuna aliyeniharakisha.

Baada ya wiki mbili nilimpitia Bi Mkubwa, tukarudi Minnesota na masanduku mawili ya viungo na samaki mkavu, ambaye kwa ajili yake walitushikilia sana uwanja wa ndege, kisa ambacho sitakisimulia.

Januari ikaturudisha kwenye lile jengo la maduka. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunga. Nilimvua koti lake zito, nikalitundika mkononi, tukasimama mahali petu pa kuanzia, mbele ya duka la viatu ambalo lilikuwa bado limeshushiwa wavu. Wazee walikuwa wanapita na raba zao nyeupe, wote upande mmoja, wawiliwawili. Bi Mkubwa hakusogea. Aliinua kidevu, akageuza uso kushoto, akaugeuza kulia.

"Humu hakuna jua," akasema. "Siwezi kukukagua. Unanipeleka upande gani?"

Nikamwambia tuanze na tatu zake, halafu zangu.

"Hapana," akasema. "Wangu ameshapata. Anza na baba yako."

Basi tukageuka, tukashika njia kinyume na wazee wote wa Roseville. Wakatupisha. Mmoja akanyoosha mkono akauzungusha kuelekea nyuma yetu, kisha wa pili, kisha bibi mmoja mwenye fimbo. Bi Mkubwa alisikia wanavyopunguza mwendo, akaniuliza watu wanafanya nini. Nikamwambia wanatusalimia, naye akainua mkono wake akawaitikia.